Wakuu naombeni ushauri: TV ya mama Tukuyu, picha iwe safi na sauti isikike hata mvua ikinyesha

Mwana_Rungwe

Habarini za jioni wakuu. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, nataka kununua TV ila sio yangu, ni ya mama mzazi yuko Tukuyu. Aliyonayo ni inchi 24 niliyompelekea kipindi naanza kazi, sasa macho yamechoka na masikio nayo ndo hivyo, akiangalia habari anasogeza kigoda mpaka karibu na meza halafu anaweka kiganja nyuma ya sikio. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani mvua ikashuka, nyie wa Rungwe mnaijua ile mvua, nyumba ni mabati matupu haina silingi, ilivyoanza tu TV ikageuka picha za bubu, nikapandisha sauti hadi mwisho spika zikaanza kukwaruza na bado hatukuambulia kitu. Mama akazima akasema tulale tu mwanangu. Iliniuma kwa kweli.

Sasa nimejibana nina milioni moja na laki mbili. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe siku mbili nzima na nimetoka na mawazo zaidi ya niliyoingia nayo. Duka la kwanza wanasema chukua 55 ya 4K hela inatosha kabisa. La pili wanasema hiyo 55 kampuni yake haijulikani, bora 43 ya kampuni kubwa. La tatu wakanionyesha double glass, zile zenye kioo cha pili juu ya skrini, wakasema hizo ndo zinadumu. Zote zimewashwa ukutani zinaonyesha samaki na maua, zote zinang'aa, siwezi kusema ipi nzuri ipi mbaya. QLED, HDR, Dolby, yaani maneno nimeyasikia mpaka kichwa kinauma.

Matumizi ya mama ni king'amuzi cha dishi, habari ya saa mbili usiku, tamthilia, ibada jumapili, na wajukuu wakija ni mpira. Intaneti hana. Sebule ndogo ya kawaida. Nianzie wapi?

fundi_sido

Mkuu pole na hongera kwa kumkumbuka mama. Mimi ni fundi wa TV, nitaandika kirefu kidogo vumilia.

Kwanza sahau wale samaki. Video za maduka zinatengenezwa kwa kazi hiyo, rangi kali, kitu kinatembea polepole, na TV yenyewe imewekwa modi ya duka mwanga umefunguliwa wote. Paneli yoyote ikiwekewa samaki wa rangi ya chungwa itapendeza. Wewe nenda na flashi yako mfukoni. Weka humo vitu vya mama, mtu anasoma habari, dakika tano za tamthilia ile sehemu ya usiku watu wako ndani, na kipande cha mpira. Mwambie muuzaji atoe modi ya duka aweke ya nyumbani, picha aweke Standard au Movie, achana na Vivid. Muuzaji anayekataa kukuwashia flashi yako muage kwa heri, maduka yapo mengi.

Halafu tazama nyuso. Hapa ndo paneli dhaifu inapoumbuka, na sijaona watu wengi wakiangalia hili. Kwenye tamthilia zetu watu ni weusi, wameshonewa suti nyeusi, wamekaa kwenye kochi la kahawia taa moja. TV nzuri utaona shavu limejitenga na shingo, utaona mkunjo wa koti, utaona nywele zilivyosukwa. TV dhaifu vyote vinakuwa donge moja jeusi, macho na meno ndo vinabaki. Au inafanya kinyume, giza lote linakuwa kijivu kama moshi wa jikoni. Ukiona hivyo hata kama imeandikwa 4K mara kumi usinunue.

Sasa haya maneno. LED zote za bei yetu ni LCD, kuna kioo cha maji maji mbele na taa ndogo ndogo za LED zinamulika kwa nyuma. QLED ni hiyo hiyo LCD imeongezewa filamu inayosaidia rangi ziive. OLED ni kitu kingine kabisa, kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, inajiwasha na kujizima yenyewe kwahiyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli, lakini kwa hela yako hiyo tuiache. HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, kwenye seti za bei ya chini mara nyingi maana yake ni kwamba inapokea hiyo video, sio kwamba ina mwanga wa kuionyesha inavyotakiwa. Na king'amuzi chako hakikupi HDR. Kwahiyo mtu asikutoze hela ya HDR ya mama.

Kuhusu 4K. Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, 4K ni 3840 kwa 2160, yaani mara nne. Lakini jicho lina mwisho wake. Kwenye inchi 43 ya Full HD mtu mwenye macho mazima akikaa kuanzia kama mita 1.7 kwenda nyuma hawezi tena kuona pikseli moja moja. Kwenye inchi 55 ni kama mita 2.2. Pima mama anakaa umbali gani ndo tuongee.

Na swali langu kubwa, king'amuzi umeunganisha na waya gani? Ni ule wenye vichwa vitatu nyekundu nyeupe njano au HDMI, ule mmoja wa kichwa bapa unaobeba picha na sauti pamoja? Usinijibu kwa kukisia, piga simu nyumbani mtu aangalie.

dada_njombe

Kamwene kaka. Mimi niongelee double glass maana ninayo. Nilinunua kwa sababu ya watoto, wanarusha mpira ndani kila siku, na kwa hilo siwezi kuisema vibaya, imegongwa na gari la mbao mara mbili haijapasuka. Ila kile kioo cha juu kinarudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Sebule yangu mlango unatazama uani, mchana ukiwa wazi naona kamba ya nguo yote kwenye TV, kanga zangu zinapepea juu ya uso wa msoma habari. Inabidi nifunge mlango na pazia ndo nione kitu, na Njombe hapa jua ndo tunalitafuta kwa udi na uvumba sasa unalifungia nje kwa ajili ya TV! Usiku iko vizuri.

Kwa hiyo kama mama yako anakaa mlango wazi mchana, na wazee wetu wengi ndo wanavyokaa, mlango wazi aone anayepita, usimpelekee hiyo.

Na lingine, hilo la mvua na mabati msidhani ni la TV tu. Sisi tulipoweka silingi bodi sebuleni ndo nikajua kumbe nilikuwa naishi ndani ya ngoma. Hata mvua kubwa mtu unaongea naye kawaida.

Mhehe_wa_Ipogolo

Fundi umeongea vizuri ila mimi nakupinga kidogo kwenye kitu ambacho hujakitaja. Kila mtu ukimuuliza TV anakuambia nyeusi nyeusi, kontrasti, yaani tofauti ya nyeupe na nyeusi. Sawa. Ila nendeni kwenye sebule zetu muangalie watu wanavyokaa. Sisi makochi yanazunguka kuta tatu, TV iko pembeni au ukuta wa nne, anayekaa mbele kabisa katikati mara nyingi ni meza! Baba upande huu, mgeni upande ule, watoto chini kwenye mkeka. Yaani karibu wote tunaitazama TV kwa pembeni.

Sasa paneli za LCD ziko za aina mbili kubwa, VA na IPS. VA ndo yenye nyeusi nzuri, kontrasti yake inaanzia kama 3000 kwa 1 na kupanda, ila ukikaa pembeni rangi zinafifia, nyuso zinakuwa kama zimepakwa unga. IPS kontrasti yake iko karibu 1000 kwa 1, usiku ukizima taa nyeusi yake ina ukijivu, lakini ukikaa pembeni rangi inabaki ileile. Mimi nilinunua VA kwa kusoma sifa kwenye mtandao, ukutani kwangu Ipogolo nikaifunga, kochi langu lipo pembeni, nikawa kila mechi nasogea kukaa sakafuni katikati. Nimeishi hivyo mwaka mzima.

Dukani wala usiulize ni VA au IPS, wauzaji wengi hawajui. Wewe simama katikati uangalie uso wa mtu, halafu tembea taratibu kwenda pembeni hadi usawa wa kiti cha mama huku unaangalia uso uleule. Ukipauka umejua.

fundi_sido

Mhehe hilo ni kweli kabisa na sikulisema. Nikubaliane na wewe, ila kama mama anakaa sehemu moja siku zote basi VA inafaa pia, unaigeuza tu seti imtazame yeye. Stendi ya ukutani ya kugeuka ipo. Tusubiri mwenyewe alete vipimo.

Mwana_Rungwe

Wakuu ndaga fijo. Nimempigia mdogo wangu yuko nyumbani akapima na futi. Kutoka ukutani inapokaa TV hadi kiti cha mama ni mita 2 na sentimita 40. Kiti chake kipo upande wa dirisha, sio katikati, na haruhusu kihamishwe, hapo ndo anaona barabara. Ukuta wenyewe una mita moja na nusu kati ya mlango wa chumbani na kona.

Na fundi Mungu akubariki. Waya ni ule wa rangi tatu! King'amuzi kina tundu la HDMI nyuma limezibwa na vumbi tangu kimefungwa. Na TV yake ya 24 nayo ina HDMI. Dogo akaazima waya kwa jirani akachomeka, akanipigia video, kaka maandishi ya chini ya habari yanasomeka! Mama akauliza mmebadilisha nini. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaangalia ukungu.

fundi_sido

Nilijua tu. Naingia nyumba za watu nakuta seti ya hela nyingi ukutani imeunganishwa na ule waya. Ule wa njano unapitisha picha ya kizamani, hauwezi kubeba HD hata ufanye nini, king'amuzi kinatoa picha safi halafu inasagwa njiani. Baada ya kuweka HDMI ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi pale kwenye picha uweke 1080 na umbo la 16 kwa 9, vingine vinakuja vimewekwa 4 kwa 3 ndo maana unaona watu wafupi wanene.

Sasa kwa mita 2.4 na kwa king'amuzi kisichozidi HD, mama yako 4K hataiona. Hata ya Full HD kwenye 43 ameshavuka ile mita 1.7. Kwahiyo usinunue namba. 55 ina upana wa kama sentimita 122, ukuta wako unaipokea lakini itabanana na mlango. 43 ni kama sentimita 95. Ukitoka 24 kwenda 43 eneo la picha ni zaidi ya mara tatu, ataona mabadiliko makubwa sana. Nenda na futi hapo dukani upime kona kwa kona kioo peke yake bila fremu, 43 kamili ni sentimita 109. Kuna seti zinaitwa 43 ukipima unakuta inchi 40.

Chukua 43 ya kampuni inayojulikana yenye spea mjini, halafu hela iliyobaki uipeleke kwenye sauti. Sauti ndo tatizo la mama, picha tumeshaiponya nusu kwa waya.

Mhehe_wa_Ipogolo

Mimi ningeongeza kidogo nichukue 4K maana kampuni nyingi paneli zao nzuri ndo wanaziweka huko. Lakini kwa bajeti hiyo na saundi bado, fundi yuko sahihi.

fundi_sido

Haya sauti, na hapa nawaomba mtulie maana ndo watu wanapoliwa.

TV za siku hizi nyembamba spika zake zimekaa chini zinatazama sakafu, zimebanwa kwenye plastiki. Ukiangalia sifa zake utakuta 2 kwa wati 8 au 2 kwa wati 10. Hizo ni za kweli na ndogo. Ukienda kwenye redio za sabufa utakuta boksi limeandikwa wati elfu kadhaa PMPO, hiyo PMPO ni namba ya kuuzia, tafuta iliyoandikwa RMS, hizo ndo wati za kweli. Na TV ikiwa na chapa ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti ya kuzunguka, halafu spika ni mbili za wati 8, maana yake inaufahamu huo mfumo, ila spika ni zilezile mbili.

Ila kitu kikubwa zaidi, kelele na kusikia maneno ni vitu viwili. Mtu mzima masikio yakianza kuchoka huwa yanapoteza kwanza sauti za juu, zile zinazobeba s, f, sh, t, ch. Ndo maana mama anakuambia nasikia wanaongea ila sisikii wanasema nini. Ukimwekea besi inayotikisa madirisha umemharibia zaidi, besi inafunika maneno. Unachotaka ni kupunguza besi, kupandisha treble kidogo, na kuzima kitu chochote kinachoitwa surround. TV nyingi kwenye menyu ya sauti zina modi ya maneno, nyingine wanaita Clear Voice, nyingine Speech, nyingine News. Hiyo ndo ya mama.

Dukani ukijaribu sauti usiweke muziki. Weka msoma habari, pandisha mpaka 70 kwa 100, halafu weka kiganja mgongoni mwa TV. Plastiki ikiwa inatetemeka kama mgongo wa bajaji basi nyumbani itakwaruza. Rudi nyuma hatua sita mwambie mtu afunge macho akurudishie sentensi anayoisikia.

Kwa hela iliyobaki chukua saundiba ndogo ya kawaida, na uiunganishe kwa HDMI kwenye lile tundu la TV lililoandikwa ARC, ndo linalotoa sauti kwenda kwenye saundiba, sio tundu lolote. Hapo rimoti moja inapandisha sauti ya vyote, mama hahangaiki na rimoti mbili. Ukiunganisha ukakuta kimya ingia menyu ya sauti ya TV weka PCM. Bluetooth iache, kuna seti midomo inatembea kwanza maneno yanafuata.

Na mvua. Sitakudanganya, mvua ya Tukuyu kwenye mabati matupu hakuna saundiba ya laki mbili itakayoishinda. Kinachosaidia ni kuisogeza spika karibu na sikio. Ukifupisha umbali nusu ni kama umeongeza sauti sana bila kugusa rimoti. Saundiba sio lazima ikae chini ya TV, waya wa HDMI wa mita tatu upo, iweke kwenye stuli pembeni ya kiti chake. Na silingi aliyoisema dada wa Njombe, hiyo ndo dawa yenyewe.

dada_njombe

Na zulia na mapazia mazito jamani. Sebule ya sakafu ya simenti tupu maneno yanagonga kuta yanarudi. Nilipotandika zulia mume wangu akadhani nimeongeza sauti.

konda_wa_Kyela

Mi sio mtaalamu wa TV ila nazibeba. Njia ya Mbeya Tukuyu Kyela mimi kila siku, na nimeona TV zimepasuka mbele ya macho yangu, mwenye nayo analia. TV haisafiri imelala. Isimame wima kama inavyokaa mezani, ndani ya boksi lake na zile foma zake nyeupe. Ukiilaza kioo kinabeba uzito wake chenyewe na kila tuta linakigonga. Wengine wanalaza kwenye buti halafu juu wanapanga ndizi na debe la viazi. Mkuu lipia siti ya pili uishike mwenyewe, nauli ya Tukuyu sio kitu ukilinganisha na kioo, na kioo kikipasuka hata waranti haikusaidii.

Na kabla hujatoka dukani fungua boksi, washeni, muone kioo kizima, risiti ya EFD mkononi, muhuri wa duka kwenye waranti. Ukifika usiwashe palepale, huko kwetu baridi na unyevu, iache ikae saa moja mbili itulie.

Mwana_Rungwe

Konda nimekusoma, nalipia siti. Fundi na umeme? Tukuyu unakatika na kurudi mara kwa mara, nimeambiwa ninunue stebilaiza kubwa.

fundi_sido

Geuza TV usome stika ya nyuma. Nyingi zimeandikwa 100-240V. Maana yake umeme ukishuka mpaka 160 jioni watu wanapopika TV haina habari. Adui ni ule mshindo umeme unaporudi baada ya kukatika. Kwahiyo huhitaji stebilaiza la kilo nane, chukua gadi ya TV yenye kuchelewesha, umeme ukirudi inasubiri kwanza utulie ndo inaruhusu.

Na jambo la mwisho la picha, mwanga wa nyuma. Seti nyingi nakuja kuzipokea hapa zina ugonjwa mmoja, sauti ipo picha hakuna. Ukizima taa ukamulika tochi karibu kabisa na kioo unawaona watu wanatembea gizani, picha ipo ila taa za nyuma zimekufa. Hizo taa zinakufa haraka kwa sababu mtu ameacha Backlight kwenye 100 usiku na mchana vile ilivyotoka dukani. Sebule ya Tukuyu yenye mawingu haihitaji 100. Weka 60, mchana jua likitoka panda 75. Seti inakaa zaidi na usiku macho ya mama hayaumi. Sharpness nayo ishushe, ikiwa juu inachora mstari mweupe pembeni ya kila kitu watu wanadhani ndo HD.

Mwana_Rungwe

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilienda na flashi. Maduka mawili walikataa kuichomeka nikaaga. La tatu kijana mmoja mstaarabu sana akanitolea modi ya duka kwenye seti tano zikae sawa, tukaweka ile tamthilia ya usiku. Wakuu nilishangaa. Ile 55 niliyokuwa nimeshaipenda, kwenye samaki ilikuwa inawashinda wote, kwenye tamthilia mama mkwe aliyekaa kwenye kochi alipotea, yaani nimebaki na hereni mbili zinaelea. Pembeni yake 43 Full HD ambayo nilikuwa naiona ya kawaida, nikaona mpaka mistari ya shingo ya yule mama. Nikatembea kwenda pembeni usawa wa kiti cha dirishani, uso haukupauka. Nikapima na futi, 109. Nikaweka kiganja mgongoni kwenye sauti 70, inatetemeka kidogo ila haikwaruzi.

Seti imenitoka laki sita na themanini, saundiba laki mbili na arobaini, gadi elfu thelathini na tano. Duka na kampuni sitaji isije ikaonekana tangazo. Imesafiri imesimama, siti ya pili, nimeikumbatia kuanzia stendi hadi nyumbani.

Saundiba nimeiweka kwenye stuli mkono wa kulia wa kiti chake kama fundi alivyosema, modi ya maneno, besi nimeshusha. Jumamosi jioni mvua ya kawaida ikanyesha, sio ile kubwa, mama amekaa ameegemea nyuma kabisa, mikono kwenye mapaja, hajaweka kiganja sikioni hata mara moja. Katikati ya habari akaniambia bei ya mbolea wametaja vile, umesikia? Mimi nilikuwa jikoni sikusikia, yeye alisikia.

Ile mvua kubwa bado inatushinda, na dishi nalo linakata picha inakuwa vipande vipande. Hela iliyobaki nimeweka pembeni, mdogo wangu anaongezea, fundi wa silingi anakuja mwisho wa mwezi kuanza na sebule.

fundi_sido

Mkuu nimefurahi sana. Picha kukatika vipande mvua kubwa sio TV, ni mawimbi ya dishi yanamezwa na maji angani. Kaza dishi lielekezwe upya kwa kipimo, na angalia vichwa vya waya pale juu kama vimeingia maji, huko kwenu vinaoza upesi, vifunge na mpira. Kama antena ya kawaida inashika hapo kwenu, TV uliyonunua ikiwa na DVB-T2 ndani, yaani king'amuzi cha antena cha humo humo, itumie kama akiba, ile mvua haiisumbui kama dishi.

Na umwambie dogo, radi zikianza kuchomoa plagi peke yake haitoshi, achomoe na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi autoe mbali. Seti nyingi za Rungwe ninazoletewa radi ilipitia huko juu.

Mwana_Rungwe

Nampigia sasa hivi.